Kibodi isiyoandika mpaka uishikilie: kagua Filter Keys kabla ya kununua nyingine

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la stesheneri, nachapa barua, wasifu na mitihani ya shule. Tangu juzi laptopu yangu ya Windows 11 nikichapa kwa kasi yangu ya kawaida haiandiki kitu. Nikikandamiza herufi moja na kuisubiri ndipo inatokea, na kila kitufe kinatoa mlio. Fundi amesema kibodi imekufa, ataweka nyingine kwa shilingi 65,000. Mwanangu huchezea gemu humo jioni, lakini anaapa hajaimwagia kitu. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, hizo 65,000 zibaki kwenye droo kwanza. Herufi zinazosubiri, mlio kwa kila kitufe na mtoto anayecheza gemu jioni ni dalili za kitu kimoja. Kwenye laptopu yako imewashwa huduma ya Windows iitwayo Filter Keys, na kuizima hakuhitaji bisibisi.

Shikilia Shift ya kulia, ile iliyo chini ya Enter, bila kugusa kitufe kingine chochote. Hesabu polepole mpaka nane. Ukisikia mlio baada ya kufika nane, achia palepale, kwa sababu kuendelea kushikilia mpaka sekunde 12 au 16 huingiza viwango vikali zaidi vya huduma hiyohiyo. Kisha fungua Notepad uchape sentensi ndefu kwa kasi yako ya kila siku. Herufi zikitiririka, umemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuhakikisha tatizo halirudi kesho jioni.

Kwa hiyo shika kipanya. Bofya Start, ingia Settings, kisha Accessibility, teremka mpaka sehemu ya Interaction na ubofye Keyboard. Utaona mstari wa Filter keys wenye swichi. Hakikisha ni Off. Usitoke bado. Bofya maneno yenyewe ya Filter keys, pembeni mwa swichi, uingie ndani. Humo kuna mstari ulioandikwa Keyboard shortcut for Filter keys. Huo ndio mlango ambao mtoto aliupitia bila kujua, uzime pia. Rudi nyuma ufanye vivyo hivyo kwa Sticky keys, maana nayo huwashwa kwa Shift. Anayetumia Windows 10 atakuta ukurasa huo unaitwa Ease of Access, na kibali chenyewe kimeandikwa Allow the shortcut key to start Filter Keys. Aondoe tiki hapo.

Kuna njia fupi ya kufika kwenye ukurasa huo, yaani kitufe cha Windows pamoja na U. Lakini Filter Keys ikiwa hai, hata hiyo haitajibu kwa mguso wa haraka. Itabidi ushikilie Windows sekunde moja au mbili, na bila kuiachia ushikilie U nayo vivyo hivyo. Wengi hudhani hata kitufe cha Windows kimekufa, kumbe nacho kinapangiwa foleni kama wenzake.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukariri hatua. Filter Keys ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake inatetemeka, au ambaye kidole kikitua juu ya kitufe hakiondoki kwa urahisi. Ina kazi tatu. Ya kwanza ni Slow Keys: kitufe hakikubaliki mpaka kishikiliwe kwa muda uliowekwa. Muda unaokuja na Windows ni sekunde 1, na unaweza kupandishwa mpaka 2. Mchapaji mzoefu hukigusa kitufe kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, basi kompyuta inahesabu miguso yako yote kuwa ya bahati mbaya na kuitupa. Ile milio unayoisikia nayo ni yake: mmoja unapobonyeza, mwingine herufi inapokubaliwa. Angalia pia kona ya chini kulia ya skrini, karibu na saa. Mara nyingi Filter Keys ikiwa hai huwepo hapo kialama cha saa ya kupimia mbio.

Kazi ya pili ni Bounce Keys, na hii ina hila kubwa kwetu tunaochapa Kiswahili. Hukataa kitufe kilekile kikibonyezwa mara mbili haraka, kuanzia nusu sekunde mpaka sekunde 2. Lugha yetu imejaa herufi zinazofuatana: “saa” inatoka “sa”, “kuu” inatoka “ku”, “maalumu” inatoka “malumu”, “mmoja” inabaki “moja”. Barua nzima inaonekana sawa isipokuwa maneno hayo, na mchapaji analaumu vidole vyake au programu ya kusahihisha tahajia. Hii haiwaki kwa kushikilia Shift sekunde 8 peke yake kama haijawahi kupangwa, lakini kwenye kompyuta ya mtumba unaweza kuikuta mwenye zamani aliiacha hivyo. Mteja akirudisha mtihani kwa sababu “darasa la saba” liko sawa lakini “saa 2” imekuwa “sa 2”, anza kutafuta hapa.

Ya tatu inahusu kurudia. Kwa kawaida ukishikilia Backspace inafuta mfululizo. Filter Keys ikiwa hai inafuta herufi moja, inatulia, inafuta nyingine. Ukishaizima na bado ufutaji ni wa kuvuta miguu, bonyeza Windows na R, andika control keyboard, kisha Enter. Kwenye dirisha litakalofunguka sogeza Repeat delay kuelekea Short na Repeat rate kuelekea Fast.

Kuhusu mwanao: amini anachosema. Gemu nyingi hutumia Shift kukimbia au kuongeza kasi, kwa hiyo kidole kukaa hapo sekunde 8 ni jambo la kawaida. Windows huuliza kwanza kwa kidirisha kidogo kama unataka kuwasha Filter Keys, lakini gemu likiwa limejaza skrini nzima kidirisha hicho hujificha nyuma, au mchezaji anabonyeza Enter ili tu kiondoke. Wewe pia unaweza kuiwasha ukiegemeza kiganja kwenye kona hiyo huku unasoma karatasi ya mteja, au ukiweka kitabu cha risiti juu ya kibodi.

Kwa nini Windows iweke mtego kama huo mahali pa wazi hivyo? Kwa sababu anayeihitaji kweli huenda hawezi kusogeza kipanya mpaka kwenye menyu. Anahitaji njia ya kitufe kimoja, na Shift ikabonyezwa peke yake haiandiki chochote, hivyo haiharibu kazi iliyopo kwenye skrini. Zana hizi zilianza kama kifurushi cha nyongeza kilichotengenezwa na Trace Center ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison huko Marekani, na Microsoft ikaziingiza ndani ya Windows 95. Nakusihi jambo moja hapa. Zima njia ya mkato, lakini usikubali fundi akufutie huduma yenyewe. Siku moja atakuja mteja anayetaka kujaza fomu mwenyewe na mkono wake una kiharusi. Utamwashia kwenye ukurasa uleule, utapunguza muda wa kusubiri kutoka sekunde 1 mpaka nusu sekunde, na ataandika bila kukuomba umshikie mkono.

Jambo zuri ni kwamba mipangilio hii huhifadhiwa kwa kila akaunti peke yake. Mfungulie mtoto akaunti yake kupitia Settings, kisha Accounts, kisha Other users, na isiwe ya msimamizi. Akiwasha kitu kwenye akaunti yake, yako ya kazi haiguswi, na mafaili ya wateja nayo yanakuwa salama zaidi.

Labda bado una wasiwasi kwamba fundi ana haki. Jaribio la kwanza ni kuazima kibodi ya USB ya kompyuta ya mezani, hata kwa jirani, na kuichomeka wakati tatizo likiwepo. Filter Keys hutawala kila kibodi iliyounganishwa. Kama nayo inagoma vilevile, kibodi ya laptopu haina kosa. Jaribio la pili lina nguvu zaidi: zima kompyuta, iwashe tena, na mara inapoanza bonyeza-bonyeza F2, F10, Del au Esc kulingana na aina ya laptopu, uingie kwenye BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows. Huko Windows haijaanza, kwa hiyo mipangilio yake haina nguvu. Tembeza mishale juu na chini. Ikijibu papo hapo, kibodi ni nzima na kosa liko kwenye mipangilio. Toka kwa kuchagua kutohifadhi mabadiliko.

Halafu kuna dalili ambayo haihitaji kifaa chochote. Mpangilio haubagui herufi. Ukiwashwa, A inasubiri kama P, na 7 inasubiri kama nafasi. Kibodi iliyoharibika hubagua, kwa sababu vitufe vyake vimeunganishwa kwa safu na mistari: chai ikiingia, hufa kundi fulani, tuseme herufi tano sita zisizo na uhusiano kwa macho, huku nyingine zikifanya kazi vizuri kabisa. Kwako wewe vitufe vyote vinaumwa ugonjwa uleule kwa kiwango kilekile. Hapo fundi alipaswa kushtuka.

Ikiwa ucheleweshaji uko hata kwenye skrini ya kuingizia nywila, usikimbilie kusema umesahau nywila, na usikubali kompyuta ifutwe ianze upya. Herufi mbili tatu zinadondoka njiani na nywila inakuwa fupi kuliko ulivyodhani. Chini kulia mwa skrini hiyo kuna alama ya umbo la mtu. Ibofye, zima Filter keys hapohapo, chapa tena. Skrini hiyo ina mipangilio yake tofauti na ya akaunti yako, na ndiyo sababu watu husema “nimezima lakini nikiwasha kompyuta imerudi”. Fungua Control Panel, ingia Ease of Access Center, tafuta Change sign-in settings. Utaona safu moja ya kabla ya kuingia na nyingine ya baada ya kuingia. Ondoa tiki zisizotakiwa pande zote mbili.

Sticky Keys niliyoitaja huleta vituko vinavyotisha zaidi. Huwaka ukibonyeza Shift mara tano mfululizo na kukubali kidirisha. Kazi yake ni kumsaidia anayechapa kwa mkono mmoja: akibonyeza Ctrl na kuachia, kompyuta inaikumbuka mpaka kitufe kinachofuata, na akiibonyeza mara mbili inajifunga. Sasa fikiria hujui imewaka na Ctrl imejifunga. Unaandika “shule”, kumbe S inahifadhi faili, H inafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha maneno, na maandishi hayaendi popote. Ukizungusha gurudumu la kipanya ukurasa unakua na kupungua. Kikijifunga kitufe cha Windows badala ya Ctrl, herufi L inafunga skrini, D inaficha madirisha yote, E inafungua mafaili. Watu huita virusi. Bonyeza Shift mara tano tena, au bonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kwa mfano Ctrl na A. Kwa mpangilio wa kawaida hilo pekee huizima. Ukitaka kujua kitufe gani kimekwama, iwe kwa mpangilio au kwa uchafu, bonyeza Windows, Ctrl na O ilete kibodi ya skrini, kisha tazama kipi kinang’aa bila wewe kukigusa.

Kwenye hesabu za duka unaweza kukutana na Mouse Keys. Namba za upande wa kulia zinaacha kuandika na badala yake mshale wa kipanya unatambaa kwenye skrini. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja huiwasha na kuizima. Usiichanganye na Num Lock ya laptopu ndogo zisizo na namba pembeni, ambapo U, I na O zinaandika 4, 5 na 6, na J, K na L zinaandika 1, 2 na 3. Huko bonyeza Num Lock, mara nyingi pamoja na Fn, basi.

Kompyuta ikianza kuzungumza na fremu ya rangi ikazunguka kila unachogusa, hiyo ni Narrator, msomaji wa skrini wa watu wasioona. Windows, Ctrl na Enter huinyamazisha. Ikiwa hai, Caps Lock haiwashi herufi kubwa kwa mguso mmoja, kwa sababu imegeuzwa kuwa kitufe cha kuiamuru Narrator. Lazima uibonyeze mara mbili upesi. Na kwenye kurasa za intaneti herufi zinaweza kukurusha badala ya kuandika: H inaruka kwenda kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe. Kama huwa inajiwasha yenyewe kabla hujaingia, zima Start Narrator before sign-in kwenye ukurasa wake wa mipangilio.

Skrini nayo ina yake. Ikikua ghafla na kukimbia na mshale, ni Magnifier, na Windows na Esc huifunga. Rangi zikigeuka nyeusi na njano au kijani kikali, mtu amebonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen, rudia vilevile. Rangi zikipotea zote ikabaki kijivu kama televisheni ya zamani, jaribu Windows, Ctrl na C, au ingia Accessibility na uzime Color filters. Hii ya kijivu nakuomba uikumbuke kwa kazi yako: inabadilisha unachokiona tu. Bango la mteja litachapwa kwa rangi zake kamili hata kama kwenye skrini ni kijivu, kwa hiyo usianze kumrekebishia rangi. Piga picha ya skrini uitume kwenye simu. Ikionekana ya rangi, picha ni nzima na kichujio ndicho kinachokudanganya.

Kwa anayesimamia maabara ya shule au intaneti kafe yenye mashine nyingi, kupita moja moja kwenye menyu kunachosha. Fungua regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, nenda HKEY_CURRENT_USER, Control Panel, Accessibility. Ndani ya StickyKeys badilisha Flags kutoka 510 iwe 506. Ndani ya Keyboard Response, ambayo ndiyo Filter Keys, kutoka 126 iwe 122. Ndani ya ToggleKeys, huduma ya kutoa mlio ukibonyeza Caps Lock au Num Lock, kutoka 62 iwe 58. Zote zinapungua 4, kwa kuwa hiyo 4 ndiyo kibali cha njia ya mkato. Huduma yenyewe inabaki na inaweza kuwashwa kwenye menyu. Toka kwenye akaunti na uingie tena. Skrini ya nywila inafuata nakala iliyo chini ya HKEY_USERS, .DEFAULT. Hifadhi nakala ya sehemu hiyo kabla ya kuigusa.

Na ukiwa kwenye skrini ya nywila ukabonyeza Shift mara tano, badala ya swali la Sticky Keys likafunguka dirisha jeusi linalosubiri amri, hapo si mpangilio tena. Kuna mtu amebadilisha faili la sethc.exe, ambalo ndilo huleta swali la Sticky Keys, ili aweze kuingia bila nywila. Chomoa intaneti, badilisha nywila zako muhimu ukitumia kifaa kingine, na uwekewe Windows upya na mtu unayemwamini.

Ikiwa baada ya kuzima njia ya mkato Shift ya kulia inaendelea kuleta matatizo, mathalani herufi zinatoka kubwa zenyewe, kitufe chenyewe kimenata. Zima laptopu kabisa, igeuze, ipulize hewa ya kopo pembeni mwa kitufe hicho, kisha pangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo sana. Kibodi inanunuliwa pale tu ile ya USB inapofanya kazi sawasawa huku ya laptopu ikigoma hata ndani ya BIOS. Ukifika huko, mwambie fundi akuonyeshe vitufe visivyojibu kimoja kimoja, na umpe namba ya modeli iliyo chini ya laptopu kabla hajaagiza, maana kibodi za sura moja mara nyingi hutofautiana utepe wa kuunganishia na matundu ya skrubu.